Kopo la Sensa Zilizosingiziwa

Haya ni mazungumzo niliyoyatoa Chake Chake mbele ya mafundi vijana, maopereta na wenye mitambo. Nimeyaandika kama nilivyoyasema, ila vichekesho vingine nimeviacha hukohuko ukumbini.

Assalaam alaykum. Wazee wangu mliotutangulia, ndugu zangu maopereta, na nyinyi vijana mliokuja na madaftari kana kwamba mnakwenda skuli, ahsanteni kwa kuiacha Jumamosi yenu.

Asubuhi nikitoka nyumbani, mama mdogo aliniuliza nakwenda kuzungumza nini. Nikamwambia nakwenda kuzungumza habari za sensa. Akanitazama, akasema, "Sensa si tushahesabiwa mwaka 2022? Mnahesabu tena?" Basi tuwekane sawa mapema. Sensa yangu mimi ni hii hapa mkononi, hiki kidude chenye kichwa cha shaba na mkia wa plastiki, kinachokaa kwenye injini ya ekskaveta, mtambo wetu wa kuchimbia, na kupeleka habari kwenye kompyuta yake.

Nimekuja na kopo la maziwa ya unga. Ndani mna sensa 11. Zote zimetoka kwenye ekskaveta zilizonunuliwa zikiwa zishatumika, nyingine hapa Pemba, nyingine Unguja. Kila moja ilihukumiwa kuwa imekufa, ikatupwa, ikanunuliwa mpya. Mimi nina tabia ya kuokota. Masika moja mvua ikanifungia ndani siku nne, nikazitoa nikazipima moja moja, na baadaye nyingine nikazifunga kwenye mitambo mingine nione. Tisa ni nzima, hazina kasoro hata chembe. Na nakiri mbele yenu: tatu kati ya hizo tisa nilizihukumu mimi mwenyewe, nikamwambia tajiri, "Bosi, hii imekwisha, leta nyingine."

Mwenzetu aliyeko Dar es Salaam akikosea, anapanda bodaboda anarudi dukani. Sisi tunapiga picha, tunatuma, tunasubiri jibu, tunalipa, kitu kinapanda boti mpaka Unguja, kinangoja chombo cha kuja huku, kinashuka bandarini Mkoani. Kikifika kikafungwa, na taa ya kwenye skrini ikawa bado inawaka, nani atakirudisha? Kitu cha umeme kikishatoka kwenye pakiti yake hakirudishwi, duka lolote litakwambia hivyo. Na siku zote hizo mtambo umelala, matipa yamepanga foleni hayana wa kuyajaza, na mwenye kandarasi anahesabu siku. Kwa hiyo fundi wa kisiwani kubahatisha kunamgharimu zaidi kuliko fundi wa bara, na ndiyo maana nataka tuzungumze waya kabla hatujazungumza sensa.

Ekskaveta tunazozinunua hazikuja jana duniani. Zimefanya kazi Japani au Ulaya miaka 10, 15, zikakaa yadi, zikavuka bahari. Mkungu wa waya unaozunguka injini umepikwa na joto miaka yote hiyo, plastiki imekauka inavunjika kama kaukau. Fundi wa kwanza kakata, wa pili kaunga kwa tepu, wa tatu kafunga kamba. Halafu inafika kwetu, ambako upepo wenyewe una chumvi. Juu ya hapo opereta anapenda mtambo wake uwe safi, anaupiga maji ya presha injini ikiwa bado ya moto. Maji yanapenya kwenye plagi, shaba inaota kutu ya kijani. Sensa iliyoko ndani ya chuma haikuguswa na lolote katika hayo, lakini lawama zinaishia kwake.

Sasa, sensa inafanya nini? Kompyuta ya injini haijui joto, haijui presha. Inajua volti tu. Ni kama nyinyi mnaosubiri chombo Mkoani mkiwa mmekaa hapa Chake: hamkioni, mnapigiwa simu. Simu ikikatika haina maana chombo kimezama.

Sensa nyingi za presha zina waya tatu. Mmoja unaleta volti 5 kutoka kwenye kompyuta. Msizichanganye na volti 24 za betri zetu mbili, hizi ni 5 tu na zinatunzwa zisipande wala zisishuke. Wa pili ni ethi yake, nayo inarudi kwenye kompyuta. Wa tatu ndio unaobeba habari. Presha ikiwa hakuna, waya wa habari unatoa kama nusu volti. Presha ikifika kileleni, unatoa kama volti 4 na nusu. Kijana mmoja aliwahi kuniuliza mbona haianzi sifuri ikaishia 5. Swali zuri sana, na wengi wanaojiita mafundi hawajawahi kuliuliza. Ile nusu ya chini na nusu ya juu imeachwa makusudi. Kompyuta ikiona sifuri kabisa, au ikiona 5 kamili, inajua hiyo haiwezi kuwa presha. Hiyo ni waya uliokatika au uliogusa mahala pasipo pake. Yaani mtengenezaji kashatutenganishia maneno ya sensa na maneno ya waya, sisi tunayachanganya tena.

Na kompyuta inakwambia ni yapi. Mitambo mingi ya kisasa inafuata utaratibu wa mawasiliano ya kompyuta unaoitwa J1939, na namba yake ya hitilafu ina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza, SPN, inataja kitu. 100 ni presha ya oili, 102 ni presha ya hewa inayoingia, 110 ni joto la maji, 157 ni presha ya reli ya dizeli, lile bomba linalogawa dizeli ya presha kubwa kwa nozo. Sehemu ya pili, FMI, inataja namna ya ubaya. Sasa fundi wetu anasoma 110, anafunga skrini, anapiga simu kuagiza sensa ya joto. Ile ya pili hakuisoma! Ni sawa na kupokea barua ukasoma jina la aliyeandika, ukaichana.

FMI 3 ina maana volti iko juu kupita kiasi. FMI 4, volti iko chini kupita kiasi. Hizi ni habari za umeme, nenda kwenye waya. FMI 2, habari zinarukaruka, na hapo mimi hushika plagi kwanza, maana mara nyingi imelegea. Lakini ukiona FMI 0 au 1, simama. Hapo kompyuta inasema: habari niliyoletewa naiamini, ila ni mbaya. Maji kweli yanachemka. Oili kweli imeshuka. Hapo usiguse sensa, guso lako lote liende kwenye injini. Kuna watengenezaji wana namba zao wenyewe. Kwenye injini za Cummins, kwa mfano, 144 ni joto la maji volti juu, 145 ni hilohilo volti chini, na 352 ni zile volti 5 zenyewe kuwa zimeshuka. Namba zinabadilika, mpango ni uleule.

Hii 352 inanikumbusha kisa, na hiki nitakieleza kirefu kidogo.

Shimo moja la kifusi upande wa Wete, ekskaveta ya tani 20. Naitwa, nakuta mtambo unawaka, lakini ukiukanyagia haupandi, buum, ule mkono mkubwa wa mtambo, inanyanyuka kama mgonjwa anayetoka kitandani. Kwenye skrini namba tatu kwa pamoja: presha ya oili, presha ya hewa, presha ya reli. Zote FMI 4. Mwenye mtambo, bwana mstaarabu sana, kashaagiza sensa ya reli kwa laki 4 na nusu, imekuja, imefungwa, hakuna kilichobadilika. Sasa ameshika simu anataka kuagiza mbili zilizobaki. Nikamwambia, bwana, hebu iweke simu mfukoni nusu saa tu.

Jiulizeni nyinyi. Sensa tatu, mahala patatu tofauti, zife siku moja, kifo cha namna moja? Hata wagonjwa wa kipindupindu hawafi kwa mpango huo. Zilikuwa na kitu kimoja cha kushirikiana, na kitu chenyewe ni ule waya wa volti 5. Injini nyingi zinagawa volti 5 za njia moja kwa sensa kadhaa. Mmoja akiivuta chini, wote wanazama naye.

Nikafungua swichi bila kuwasha injini. Nikachomoa plagi ya sensa ya reli, nikaweka tesita, kipimo changu cha umeme, kwenye tundu la volti 5. Ikasoma 0.9. Nikaiacha tesita palepale, nikachomoa sensa ya pili. 0.9. Nikachomoa ya tatu. 0.9 vilevile. Mngeona volti zinaruka zikafika 5 nilipochomoa mojawapo, basi huyo aliyechomolewa ndiye mwizi. Hazikuruka. Kwa hiyo sensa zote tatu zikatoka mashitakani, pamoja na ile ya zamani iliyokwisha kutupwa. Iko humu kopoini, ni hii yenye alama ya rangi nyeupe.

Wamebaki wawili: waya, au kompyuta yenyewe. Na hapa shetani huja. Kompyuta inatajwa kirahisi, kwa sababu hakuna anayeiona ndani. Nikazima, nikatoa kichwa cha betri, nikachomoa plagi kubwa kwenye kompyuta, nikapima kutoka kwenye waya wa volti 5 mpaka kwenye chuma cha injini. Waya ule hauna biashara yoyote na chuma, tesita ilitakiwa isione njia. Ikaona njia, ukinzani karibu omu sifuri, yaani umeme unapita bila kizuizi. Na kompyuta haimo, nimeshaichomoa. Basi, mkungu wa waya.

Nikamwomba kijana mmoja aishike tesita anitazamie, mimi nikapita na kidole chini ya mkungu, nikinyanyua kidogo kidogo. Nyuma ya alternata pale, ile inayochaji betri, nikanyanyua, kijana akapiga kelele, "Imekata!" Nikaachia. "Imerudi!" Nikainama na tochi. Kibanio cha asili cha kuushikilia mkungu kilikuwa kimevunjika, na mtu kaufunga kwa kamba ya usumba. Usumba halisi, wa kufungia boti. Kamba ikalegea, mkungu ukashuka ukakalia ncha ya chuma, na mtetemo wa injini ukafanya kazi yake. Palipokwanguka padogo kama punje ya mpunga, shaba inang'aa.

Opereta alikuwa amesimama pembeni kimya. Nikamuuliza kwa upole, "Ami, hii kamba?" Akasema, "Niliifunga mimi, ina miezi miwili sasa." Na hitilafu ina muda gani? "Kama mwezi na nusu hivi." Tangu asubuhi wanahangaika, hakusema, anaogopa kulaumiwa. Maopereta, nawapenda, lakini mficha uchi hazai. Fundi akija mwambieni: jana niliosha, juzi tulichomelea baketi, wiki iliyopita betri ilikufa tukaamshia kwenye lori. Hayo maneno matatu yanaweza kumalizia kazi nusu kabla kisanduku hakijafunguliwa.

Nikakata palipoliwa, nikaunga vizuri, nikavalisha mpira wa kubana kwa moto, nikauvika mkungu mrija na kuuwekea kibanio chenye mpira. Volti 5 zikarudi, namba tatu zikafutika. Vifaa nilivyotumia havikufika bei ya kilo moja ya pweza.

Kuna kipimo kimoja cha bure nakipenda kuliko vyote, nacho ni cha alfajiri. Mtambo umelala usiku kucha, umepoa. Fungua swichi, usiwashe. Kama skrini yako au mashine yako ya kupimia inaonesha habari za sensa, zisome. Joto la maji, joto la dizeli, joto la hewa, zote zinatakiwa zikaribiane, kwa sababu zote zimelala pamoja. Ukikuta maji 27, dizeli 28, hewa 61, mwongo umeshampata na chai hujanywa. Presha ya oili isome sifuri. Presha ya hewa, kama inahesabiwa pamoja na ile ya angani, hapa kwetu kwenye usawa wa bahari isome karibu kilopaskali 100. Hata ukienda kununua mtambo nenda alfajiri, kabla mwenyewe hajauwasha. Na ukifungua swichi angalia taa za onyo ziwake zote kwanza halafu zizime. Taa isiyowaka kabisa huenda mtu kaiua.

Sensa za joto zina waya mbili tu na ni rahisi sana kuzihoji. Ndani mna kitu ambacho kikipata moto ukinzani wake unashuka. Aina zilizoenea zinasoma kama kilo-omu 2 na nusu kwenye nyuzi 20, na kwenye nyuzi 80 zinashuka mpaka omu 300 na kidogo. Kitabu cha mtambo wako kina namba zake hasa. Unataka kujua mbaya ni sensa au ni waya? Chomoa plagi. Njia imekatika, kompyuta ione volti juu, hitilafu iwe FMI 3. Halafu unganisha matundu mawili ya ile plagi kwa kipande cha waya. Sasa ione volti chini, FMI 4. Ikibadilika hivyo, waya ni mzima na kompyuta ni nzima, wala huna sababu ya kuwasumbua. Hapo, na hapo tu, nitakuruhusu kupiga simu dukani. Kipande hicho cha waya ni kwa sensa ya waya mbili ya joto, msije mkakichomeka kwenye kila tundu mnaloliona. Wala msitoboe waya kwa sindano ili mpime. Tundu lile ni mlango wa chumvi. Na taa ya kupimia ya balbu iacheni kwa taa za barabarani, inavuta umeme mwingi kuliko saketi hizi zinavyoweza kubeba.

Sensa ya mzunguko wa injini nitaipita haraka. Injini inazungushwa na stata, haiwaki, na skrini inaonesha mzunguko sifuri: hapo ndipo pa kuanzia. Kabla ya kuihukumu ichomoe uitazame kichwa. Nyingi zina sumaku, na sumaku hukusanya unga wa chuma. Nimewahi kuifuta moja kwa kitambaa, injini ikawaka.

Sasa upande wa pili, sensa inayosema kweli. Namba inasema presha ya oili iko chini. Funga geji ya mkono, ile ya sindano, mahala pa sensa, uwashe usome kwa macho yako. Geji haina waya, haina kompyuta. Ikisema iko chini, zima mara moja, na ushukuru sensa.

Presha ya reli ikiwa chini kweli, anza na vitu vya bei ndogo: filta, maji kwenye dizeli, hewa inayonyonywa kwenye mpira uliopasuka, halafu vali ya pampu, halafu nozo. Dizeli yetu nyingi inabebwa kwenye madumu, na madumu yana mambo yake. Lakini nawaomba kwa jina la Mungu, mtu asilegeze paipu ya presha kubwa injini ikiwa inawaka. Tulikuwa tukifanya hivyo kwenye injini za zamani kutafuta silinda mbovu, zama zile zimekwisha. Humo ndani presha inapita baa 1,000, injini nyingine inakaribia 2,000. Tairi la gari dogo lina baa 2 na kidogo. Dizeli ya presha hiyo inaingia mwilini kama sindano, tundu hulioni, damu haitoki, na ndani nyama inaharibika. Ikikutokea usingoje iume, nenda hospitali saa ileile useme dizeli imeingia ndani ya nyama.

Kuna ujanja umezagaa na nitausema hadharani. Sensa ya joto inapiga kelele, fundi anaichomoa, anapachika rizista, kidude chenye ukinzani usiobadilika, ya omu mia tatu na ushei kwenye plagi. Kompyuta inaona nyuzi 80 daima, furaha kwa kila mtu. Niliitwa kwenye mtambo kama huo. Rejeta ilikuwa imeziba udongo, maji yamekwisha, skrini inasema 80. Kichwa cha silinda kilikuwa kimepinda. Rizista yenyewe ilikuwa nzima kabisa, nayo nimeitia kopoini ingawa si sensa.

Na kuchomelea. Baketi zetu zinaliwa na mawe, kila mara tunachomelea. Kabla hujachomelea toa vichwa vya betri, chomoa plagi za kompyuta, na kibano cha ethi kikae karibu kabisa na pale unapochomelea, kwenye kipande hichohicho cha chuma. Usikifunge kwenye nyayo za mtambo halafu uchome jino la baketi, maana umeme utasafiri mtambo mzima kutafuta njia, na utapita kwenye pini za buum, kwenye beringi, na popote unapopapenda.

Mwenye mtambo mmoja hapa mbele ameninong'oneza: je, hii mashine ya kupimia ya mamilioni ninunue? Bwana, kama una mitambo mitatu au minne, nunua, itakulipa. Kama unao mmoja, nunua tesita nzuri ya dijitali na mchoro wa waya wa mtambo wako hasa, wa modeli yake na namba yake. Mashine itakusomea namba. Kutembea na kidole nyuma ya alternata haitakufanyia.

Nimezungumza vya kutosha, na naona harufu ya pilau imeshapenya mlangoni. Kopo naliacha hapa mezani. Sensa za joto zimo sita, na zile mbili mbovu zimo katika hizo sita. Pembeni kuna tesita mbili, kipimajoto, na chupa ya maji ya moto aliyonijazia mama mdogo akidhani ni ya chai. Kila kikundi kichukue sensa mbili, mzipime za baridi kwanza, halafu mzitie kwenye maji, mniandikie namba. Nyinyi wawili wa nyuma, anzeni na ile yenye alama ya rangi nyekundu. Mwaka ule niliihukumu kwa dakika moja.